Baba Mkwe na Injini Mbichi

Ofisi yetu ya wilaya ilipopata pikipiki tatu mpya, hakuna aliyefikiri kwamba moja ingekuwa yangu. Hata mie sikufikiri. Nilikuwa Bibi Maendeleo, mwanamke pekee kati ya wafanyakazi wa idara waliotembelea vijiji, na kazi hiyo nilikuwa nikiifanya kwa baiskeli. Kutoka Temeke hadi Mbagala, kutoka Mbagala hadi Chamazi, kwenye mchanga unaomeza nusu ya gurudumu, nimefunga nyuma madaftari ya kisomo cha watu wazima na mizani ya kupimia watoto. Nilikuwa nikifika nimelowa jasho kiasi kwamba akina mama walinipa maji ya kunywa kwanza, salamu baadaye.

Mkuu wetu alisimama mbele ya zile pikipiki akasema, "Hii ya tatu nampa ndugu huyu. Ndiye anayekwenda mbali kuliko nyie wote."

Wenzangu wawili waliopewa zile nyingine walitazamana. Mmoja akaguna. Mkuu hakugeuka. Alinikabidhi ufunguo na kijitabu, kisha akaniambia taratibu, "Kilomita elfu moja za mwanzo usiikimbize. Ukiiua injini hii, ndugu yangu, usitegemee nyingine. Vipuri hakuna."

Dereva wa ofisi alinifundisha kuiendesha kwenye kiwanja cha mpira kwa juma moja. Nilianguka mara mbili, mara ya pili mbele ya timu nzima iliyokuwa ikifanya mazoezi. Siku ya saba, alasiri, nikaiendesha mwenyewe kwenda nyumbani, nikiwa na hofu ya kitu kimoja tu: baba mkwe.

Mie na mume wangu tulikaa kwake, katika nyumba ya vyumba sita hapo Temeke, si mbali na barabara ya Kilwa. Mume wangu alikuwa karani bandarini. Baba yake alikuwa mtu wa kusini, upande wa Lindi, ambako ujana wake wote aliutumia kutengeneza matrekta na pikipiki za shamba la mkonge. Macho yalipoanza kuingia ukungu, akaja mjini kukaa na wanawe. Alikuwa mtu wa swala tano, asiye na maneno mengi. Na kwa desturi yetu sie watu wa kule, mkamwana na baba mkwe hawazoeani. Nilimwamkia kwa mbali nimepiga goti, "Shikamoo baba," naye akaitika "Marahaba" akiwa ametazama pembeni, na mazungumzo yetu yakaishia hapo. Miaka minne ya ndoa yangu hatukuwahi kusemeshana zaidi ya hayo. Akiwa na jambo la kuniambia, alimwambia mama mkwe, na mama mkwe akaniambia mie, hata kama sote watatu tulikuwa uani na tungeweza kugusana kwa kunyoosha mikono.

Basi nikaingia uani nikiisukuma pikipiki, nimevaa suruali chini ya gauni, kofia ngumu nimeikumbatia kifuani. Baba mkwe alikuwa ameketi ukumbini, mlango wa uani uko wazi. Alisikia magurudumu.

"Nini hicho?" akauliza.

"Pikipiki," mama mkwe akamjibu. "Mkamwana wako kapewa kazini."

Nikasimama pale nikijiandaa kusikia kwamba nyumba yake si kambi ya jeshi, na kwamba mwanamke aliyeolewa hapandi mashine. Badala yake akasema, "Mwambie aiwashe."

"Anasema uiwashe," mama mkwe akaniambia.

Nikapiga kiki. Ikawaka mara ya pili. Baba mkwe akatoka ukumbini akipapasa ukuta, akaja mpaka karibu. Mie nikarudi nyuma kumpisha. Akainama, sikio akalielekeza kwenye silinda, akabaki hivyo kwa kitambo. Ule uso niliozoea kuuona umekunjwa ukakunjuka, na nikamwona, kwa mara ya kwanza, akitabasamu.

"Nzuri," akasema. "Lakini mbichi. Mwambie pistoni na silinda bado hazijajuana. Asiikimbize. Wala asiiendeshe kwa mwendo mmoja kama trekta, apandishe, ashushe. Ikipata moto aipumzishe. Na asipakie mtu mpaka nimwambie."

Mama mkwe akanigeukia, akavuta pumzi. "Anasema nzuri lakini mbichi. Usiikimbize, upandishe, ushushe... Baba, hapo kati umesema nini tena?"

"Pistoni."

"Pistoni," akanirudishia mama mkwe, kwa uzito kama vile neno hilo alilijua tangu utotoni.

Ndivyo mafunzo yalivyoanza. Injini ile ilikuwa ya kuchanganya petroli na oili pamoja, na baba mkwe hakutaka mtu mwingine achanganye. Alipima oili kwa chupa ndogo ya dawa, akiigusa kwa kidole kujua imefika wapi, na kwa siku za mwanzo aliiongeza kidogo kupita kiasi cha kawaida. Moshi ulikuwa mwingi, majirani wakalalamika kwamba nguo zao kwenye kamba zinanuka. "Wavumilie," akasema. "Injini ikizoea tutapunguza."

Baada ya siku tatu aliona haimtoshi kuisikia uani tu. Asubuhi nilipotoka kwenda kazini nilimkuta ameketi juu ya kigoda kando ya barabara ya Kilwa, pale inapoanza kuteremka kuelekea Mtoni, mama mkwe yuko pembeni yake na kikapu cha sokoni. Nikapunguza mwendo, nikainamisha kichwa kumwamkia. Akanipungia mkono niendelee. Alikuwa amekwenda pale kunisikiliza nikipita.

Akaanza kukaa pale kila asubuhi na kila alasiri. Mama mkwe alimpeleka, akaenda zake sokoni, akarudi kumchukua. Watu wa mtaa walidhani mzee anapunga upepo. Mie nilijua. Nilipokaribia kile kigoda mgongo ulininyooka wenyewe, na mkono wa mafuta niliushika kama yai. Jioni nikiwa napepeta mchele, taarifa ilinifikia.

"Baba yako anasema leo pale mtelemkoni umechelewa kubadili gia."

"Ni kweli, mama. Palikuwa na mbuzi."

Mama mkwe akageuka. "Anasema palikuwa na mbuzi."

"Mbuzi nimemsikia," baba mkwe akajibu. "Gia aibadili kabla ya mbuzi."

Mama mkwe naye, kwa kubeba maneno hayo kila siku, akaanza kuongeza ya kwake. "Na mie nimesikia leo imekohoa," aliniambia mara moja, na baba mkwe akafikiri, akakubali kwamba ndiyo, ilikohoa, plagi isafishwe. Siku hiyo mama mkwe alitembea nyumbani kifua mbele.

Sikumwambia mtu wakati ule, lakini nilikuwa nimeanza kuzipenda zile safari. Nilipokuwa na baiskeli nilifika nimechoka. Kwa pikipiki ya kwenda taratibu niliona nyumba na mashamba niliyokuwa nikiyapita nimeinamisha kichwa. Watu walinisimamisha. Mwanamke mmoja wa Mbagala alinisimamisha kila Jumatano kunisomea sentensi moja aliyojifunza kisomoni, nami nikasikiliza huku injini ikipoa, kama nilivyoagizwa.

Maneno ya watu yalikuwepo pia. Mume wangu aliyasikia bandarini, akaja nayo nyumbani usoni tu, bila kuyasema. Yaliyomfika baba yake niliyajua kwa mama mkwe. Mzee mmoja alimuuliza kwenye kahawa, mbele ya wenzake, "Hivi mkamwana wako anapanda pikipiki kama askari, na wewe unamtazama tu?"

"Simtazami, macho yangu mabovu," baba mkwe alimjibu. "Namsikiliza. Yule ni mfanyakazi wa serikali, na mie ndiye fundi wake." Kisha akaomba kikombe kingine.

Mama mkwe aliponisimulia hayo nilikuwa nimeshika sufuria. Niliiweka chini. Nilikuwa nimeingia katika nyumba ile nikiwa na umri wa miaka ishirini, na sikuwa najua kama yule mzee ananipenda au ananivumilia.

Halafu nikaharibu. Kilomita zilikuwa zimefika mia sita na kitu. Siku hiyo kulikuwa na kikao ofisini kilichochukua asubuhi nzima, na kule Chamazi kikundi cha akina mama kilikuwa kinanisubiri tangu saa nne tupime watoto na kuzungumzia kituo chao cha kulelea watoto wadogo. Nilitoka Temeke saa saba. Kwenye kigoda nilipita kwa adabu. Lakini baada ya Mbagala, kwenye ile njia ya mchanga, nikasikia honi nyuma yangu. Walikuwa wale wenzangu wawili, kila mmoja na pikipiki yake, wanakwenda huko huko. Wakanipita mmoja kulia mmoja kushoto, vumbi likanijaa mdomoni.

"Bibi, umepakia mayai?" mmoja akapiga kelele. Wakacheka, wakatokomea.

Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimeambiwa kila jioni kwa majuma matano. Lakini nilikuwa nimechelewa, na nilikuwa na hasira, na mkono ukazunguka wenyewe. Pikipiki ikaruka mbele. Nakiri kwamba ilikuwa raha. Nikawaona wale wawili wanasogea karibu, nikazidi kukaza, tukaanza kupanda kile kilima kirefu chenye mikorosho pande zote mbili, na sikuipunguza. Katikati ya kilima mlio wa injini ukabadilika. Ukawa mwembamba, kama mtu anayeongea huku amekabwa. Kisha gurudumu la nyuma likakamatwa ghafla na pikipiki ikaanza kuserereka.

Vidole vyangu vikavuta klachi kabla akili haijafika. Hilo pia nilikuwa nimefundishwa: ikikamata, klachi kwanza. Nikayumba hadi pembeni, nikasimama. Hapakusikika kitu chochote isipokuwa majani ya mikorosho. Nikapiga kiki, haikusogea hata kidogo, kana kwamba nimepiga jiwe.

Nilikaa chini nikalia. Sikulilia pikipiki peke yake. Nilimlilia mkuu aliyenipa akiwa amezungukwa na miguno, na akina mama wa Chamazi waliokuwa juani na watoto mgongoni, na zaidi ya wote yule mzee na kigoda chake.

Injini ilipopoa, kiki ikakubali. Ikawaka, lakini ndani kulikuwa na mlio mpya, kama kijiko kinachogonga bilauri. Kuendelea mbele niliogopa. Nikamtuma mzee mmoja aliyepita na punda wake awaambie akina mama kule Chamazi kwamba nimeharibikiwa, nami nikageuza, nikarudi kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Baba mkwe alikuwa kwenye kigoda. Alinisikia nikiwa bado ng'ambo ya bonde, maana nilipomwona alikwisha kusimama, mkono mmoja umenyooka mbele kama anayetafuta ukuta. Mama mkwe hakuwepo. Alikuwa bado sokoni. Hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno. Nikasimamisha pikipiki mbele yake.

"Mwanangu," akasema. "Umeumia?"

"Hapana, baba."

"Umeanguka?"

"Sikuanguka. Niliikimbiza, baba. Imekamata. Ulinikataza, nami nikaikimbiza."

"Zima," akasema. Nikazima. "Maadamu hujaumia, tuisukume nyumbani."

Akashika nyuma, nikashika usukani, tukaisukuma sie wawili, mkwe na mkamwana, katikati ya mtaa mchana kweupe. Mama mkwe alitukuta njiani, akaweka kikapu kichwani, akashika na yeye.

Jumapili asubuhi tuliifungua. Mume wangu aliomba spana kwa jirani wa nyumba ya tatu, akazileta, kisha akaambiwa na baba yake akae mbali. "Anayeiendesha ndiye atakayeifungua," baba mkwe alisema. Mama mkwe akatandika mkeka kati yetu, akakaa na ungo wake wa kunde. "Endeleeni," akasema. "Mie nipo hapa hapa." Kwa namna hiyo desturi haikuvunjwa, na kazi ikafanyika.

Mie nilikuwa macho yake, yeye mikono. Alinielekeza bolti ipi nianze kulegeza, nikalegeza. Tulipoitoa silinda, akapitisha kidole ndani taratibu sana, kama mama anayepapasa ufizi wa mtoto kutafuta jino. "Gusa hapa," akaniambia. Nikagusa. Palikuwa na mikwaruzo, na juu yake yamegandia madoa ya chuma laini cha pistoni. "Ulipoikimbiza, pistoni ilipata moto, ikavimba. Nafasi ya kupita ikakosekana. Haijafa. Ungeendelea hatua kumi tu, ingekufa. Klachi uliyovuta ndiyo iliyoiponya."

Ni maneno hayo niliyoyashika. Angeweza kuishia kwenye kosa langu la kukimbiza, na yote yangekuwa kweli. Aliniambia na la klachi.

Tukasugua kwa msasa laini uliolowekwa mafuta, asubuhi nzima. Nilipochoka alisugua yeye, akipima kwa kucha. Ringi moja ya pistoni ilikuwa imenata, tukainasua bila kuivunja. Gasketi ya chini, ile inayoziba maungio, ilichanika, na dukani haikupatikana, kwa hiyo akanionyesha namna ya kuikata kwa karatasi ngumu ya boksi la sabuni: unaibandika juu ya chuma, unaigonga pembeni kwa nyundo ndogo mpaka chuma chenyewe kinaikata. Zamani zile Jumapili ikifika saa nane mchana magari yalikatazwa kutembea ili kuokoa mafuta, na barabara ya Kilwa ilikuwa imenyamaza kabisa tulipoifunga bolti ya mwisho. Nikapiga kiki. Ikawaka. Baba mkwe akainama na sikio lake, akasikiliza, akasikiliza tena.

"Hesabu ya zamani ifute," akasema. "Anza elfu moja upya."

Jumatatu nilimweleza mkuu kila kitu, bila kumtaja aliyenipita na kunicheka. Nilitegemea aninyang'anye. Akaniuliza, "Na nani ameitengeneza?" Nikamwambia. Akafungua mlango wa stoo. Pikipiki ya yule aliyeniuliza juu ya mayai ilikuwa imeegemezwa ukutani. Nayo ilikuwa imekamata, siku ile ile, kilomita chache mbele yangu, na mwenyewe hakujua habari ya klachi.

Mwenzangu huyo alikuja nayo nyumbani kwetu juu ya gari la ofisi. Alisimama uani amevua kofia. "Shikamoo mzee," akasema.

"Marahaba. Vua shati, kazi ni ya siku mbili," baba mkwe akamjibu. Akafanya kazi siku mbili, na mie nikawa nampelekea chai. Hakunicheka tena. Tulipozeeka kazini akawa mmoja wa watu niliowaamini kuliko wengi.

Elfu moja ya pili niliimaliza bila kosa. Pikipiki ile niliiendesha miaka tisa, mpaka nilipohamishwa. Kwa sababu yake kituo cha watoto cha Chamazi kilijengwa, maana niliweza kwenda na kurudi siku moja, na akina mama waliacha kunisubiri juani. Baba mkwe aliishi miaka saba katika hiyo tisa, na macho yakazimika kabisa kabla hajaondoka. Tangu siku ile ya bonde la Mtoni alikuwa akinisemesha mwenyewe, lakini mambo ya injini tu. Habari za mboga, za wageni, za watoto wangu walipozaliwa, zote ziliendelea kupita kwa mama mkwe. Nilipata, kwa hiyo, wakwe wawili kwa mzee mmoja, na wote wawili ninawashukuru.

Siku ninayopenda kuikumbuka kuliko zote ni ile aliyosema hatimaye, "Sasa unaweza kupakia mtu." Mtu niliyempakia wa kwanza alikuwa mama mkwe. Alikuwa na dada yake Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, ambaye hakuwa amemwona tangu mfungo uliopita kwa sababu ya shida ya usafiri. Akajifunga khanga mbili, akaketi nyuma upande, akanishika kiunoni kwa nguvu hata nikashindwa kupumua, akasoma dua yote anayoijua. Mpaka tunafika Yombo alikuwa amelegeza mkono mmoja. Karibu na Kipawa aliniambia sikioni, "Hapa kuna kilima, rudisha gia." Na ni kweli palikuwa na kilima.

Dada yake alitupokea kwa chai ya tangawizi na maandazi. Nilitaka kumweleza tulivyokuja, lakini mama mkwe alinizuia kwa mkono. Akakaa sawasawa kwenye kiti, akaanza yeye: kwanza injini ilipokuwa mbichi, halafu pistoni, halafu oili inavyopimwa. Dada yake alikuwa ameacha kumimina chai, birika limebaki hewani, anasikiliza.